Nimepewa cheo cha somo yangu

Mama mshauri, shikamoo.

Naandika nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini hapa Houston, Texas, nusu saa kabla ya shifti kuanza. Nyumbani siwezi kuandika hili. Mume wangu ameshasema lake na hataki kulisikia tena.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Tulipata green card kwa bahati nasibu, tukaingia Marekani miaka minne iliyopita. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Hapa nabeba boksi kama wenzangu, ila boksi langu ni mashuka. Kiwanda chetu kinafua nguo za hospitali: mashuka, foronya, mataulo, gauni za wagonjwa. Usiku zinakuja chafu kwa malori, mchana zinatoka zimekunjwa.

Siku ya kwanza nilipangwa kwenye mashine ya pasi. Watu wawili mnasimama huku na huku, kila mmoja ameshika pembe ya shuka, mnalikaza, mnalilisha mashine kwa pamoja. Mmoja akitangulia, shuka linaingia kombo, linajikunja ndani, mashine inagoma na mstari mzima unawatazama. Nilikwamisha mara tano kabla ya chai. Mama aliyekuwa upande wa pili hakunifokea hata mara moja. Alianza kuhesabu, uno, dos, tres, na kwenye tres tunalisha. Alihesabu hivyo siku nzima, mpaka mikono yangu ikajua mwendo.

Mama mshauri, mimi nilidhani ni mtu wa kwetu. Ni mweusi kama mimi, kilemba kichwani kama shangazi zangu wa Pangani. Nilimsemesha Kiswahili! Akacheka, akanijibu kwa Kihispania. Ni Mgarifuna, kutoka pwani ya Honduras. Baadaye alinisimulia kwamba babu zao walitolewa kisiwa cha Saint Vincent na Waingereza mwaka 1797, wakatupwa kisiwa cha Roatán, huko Honduras. Nilipokwenda kwake Jumapili ya kwanza alinipakulia ndizi za kutwangwa na samaki wa nazi, wao wanaita hudutu. Nilikula huku machozi yananitoka, maana ile nazi ilikuwa ya mama yangu kabisa. Tangu hapo yeye ananiita comadre, yaani shoga wa karibu, mimi namwita somo, na nikamweleza maana yake kwetu: mwanamke anayekufunda.

Somo ana miaka 12 pale. Mimi nina mitatu. Ameomba usupavaiza mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa asubiri. Mara ya pili aliambiwa Kiingereza chake hakitoshi kuandika ripoti. Lakini kila Jumatatu kwenye kikao cha usalama anasimamishwa pembeni ya meneja atafsiri kila kitu kwa Kihispania, habari za dawa za kufulia, habari za kufunga umeme kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine, bila kuongezewa senti. Mwaka jana mkono wa shati la kijana mmoja Mvenezuela ulinaswa na mkanda wa mashine. Somo ndiye aliyekimbia akabonyeza kitufe chekundu, na ndiye aliyepiga 911, namba ya dharura, akaeleza yote kwa Kiingereza hichohicho kisichotosha.

Ijumaa iliyopita meneja aliniita ofisini. Supavaiza wetu wa mchana anastaafu, wameniteua mimi. Natoka dola 17 kwa saa naenda dola 23. Nijibu ndani ya wiki mbili. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha akaongeza, kwa tabasamu, kwamba wametupenda sisi Waafrika kwa sababu tunajua Kiingereza, tuna adabu na hatulalamiki, lakini hawa wengine wanapenda kukaa makundi makundi. Na kwamba kazi yangu ya kwanza itakuwa kuwazoesha watu kusema Kiingereza tu, muda wote, hata chumba cha kulia. Msaidizi wake alikuwepo. Ana jina la Kihispania, kazaliwa San Antonio. Alikuwa anatazama meza.

Sikusema neno. Nilisema asante.

Ukutani pale nje ya ofisi kuna picha ya somo. Ilipigwa Septemba, wakati wa mwezi wa urithi wa Kihispania, alipoombwa alete chakula cha kwao. Anatabasamu, ameshika sufuria. Nilipotoka ofisini niliipita nikaona haya kama niliyeiba.

Jumatatu alinikuta mashineni, akanishika bega, akasema, "Felicidades, comadre." Hongera. Sikuwa nimemwambia mtu. Tukalisha mashuka saa nne. Siku zote, hata baada ya miaka mitatu, huwa anahesabu kwa utani tukianza. Siku hiyo hakuhesabu. Nami Jumapili sikwenda kwake.

Mume wangu anasema riziki haina mwenyewe, chukua, mama yako ana sukari, dawa zinanunuliwa kwa pesa wala si kwa huruma. Ni kweli, na nyumba tunayojenga Tanga imesimama kwenye lenta mwaka wa pili huu. Lakini nikichukua, mimi si ndiye ile asante ya punda? Nikikataa ili apewe yeye, watoto wangu nitawaambia nini? Nichukue halafu nimtetee nikiwa ndani? Au niende kuwashtaki? Na mimi ni nani, mgeni juzi tu, wa kwenda kuwasemea Walatino, hawa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wenyewe wamenyamaza?

Nisaidie.

Mfua Mashuka, Houston

---

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma jioni, nikaisoma tena asubuhi, na kila mara macho yangu yanasimama palepale: siku hiyo hakuhesabu. Nitarudi hapo. Kwanza niseme nilivyokuelewa, ukiona nimekosea uniandikie.

Umepewa kitu unachokihitaji, na una uwezo nacho. Kimepita mbele ya mtu aliyekufunza kazi, anayekitaka, au aliyewahi kukitaka, na sababu aliyopewa haiingii akilini mwako. Waliokupa wamekifunga kwa maneno yanayokusifu wewe kwa kumshusha yeye, na juu yake wamekupa fimbo uwachapie wenzake. Kumbe unanililia mambo matatu, si moja: cheo, urafiki, na hiyo fimbo. Umeyafunga kamba moja, ndiyo maana hayabebeki. Niruhusu niyafungue.

Umeuliza, ukikataa ili apewe yeye. Mwanangu, nani kakuambia atapewa yeye? Sijaona popote kwenye barua yako kwamba meneja alisema ni wewe au ni somo yako. Watu waliomkataa mara mbili wanaweza kumkataa ya tatu na kumtafuta mwingine, labda mtu wa nje asiyejua hata shuka linashikwaje. Hapo utakuwa umepoteza dola 6 za kila saa, naye hajapata kitu. Sisemi kukataa ni kosa. Wako watu wanaokataa kwa sababu hawawezi kuishi na jambo, na wana haki. Ila ukikataa, ukatae kwa ajili ya nafsi yako. Usimbebeshe yeye zawadi asiyoiomba na ambayo huenda isimfikie.

Halafu unasema umeiba. Mwizi anachukua. Wewe ulikuwa mwalimu wa sekondari kabla hujashika shuka la Texas. Umezoea kusimamia watoto arobaini darasani na kuandika ripoti zao. Sitaki uingie kwenye mazungumzo haya ukiwa umejidharau, maana mtu aliyejidharau hasikilizi vizuri, anaomba radhi tu.

Sasa ile sifa. Waafrika mna adabu, hamlalamiki. Naomba uitazame vizuri, maana ina historia ndefu kwenye nchi hiyo uliyopo. Mwaka 1965 huko Delano, California, waliogoma kwanza kwenye mashamba ya zabibu walikuwa Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong. Ilikuwa tarehe 8 Septemba. Wenye mashamba walikuwa na mazoea ya muda mrefu: Wafilipino wakigoma, wanaletwa Wameksiko kuchuma, Wameksiko wakigoma, wanaletwa Wafilipino. Kila kundi likiambiwa lenyewe ndilo lenye bidii. Safari ile Itliong aliwaendea Wameksiko, chama cha akina César Chávez na Dolores Huerta, na tarehe 16, siku ya uhuru wa Meksiko, nao wakakubali kugoma. Wakawa wanakula pamoja, jiko moja, ukumbi mmoja. Iliwachukua mpaka 1970 kupata mikataba. Sikutumi ukagome, mwanangu. Nimekutajia kwa sababu unauliza wewe ni nani wa kuwasemea Walatino. Walioanza pale walikuwa wageni wa nchi nyingine wenye lugha nyingine, na hawakuanza kwa kuwasemea wengine. Walianza kwa kwenda kuzungumza nao.

Na hilo neno lenyewe, Walatino, tuliguse kidogo. Sensa ya 2020 ilihesabu Marekani watu milioni 62 wa asili hiyo, karibu mmoja kwa kila watano, na kwa Houston ni zaidi ya wanne kwa kila kumi. Humo yumo mtoto wa tajiri wa sukari kutoka Havana, Cuba, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, Roberto Goizueta, ambaye aliongoza Coca-Cola tangu 1981 mpaka alipofariki 1997. Yumo na somo yako, mwanamke mweusi wa pwani ya Honduras, ambaye wewe mwenyewe ulimsemesha Kiswahili. Yumo msaidizi wa meneja wa San Antonio aliyetazama meza. Watu wanaweza kukuambia pale hakuna ubaguzi, si huyo msaidizi ni Mlatino? Sheria haisemi kwamba mtu hawezi kumbagua wa kwao. Lakini nawe usimhukumu haraka. Hujui alitazama meza kwa kukubali au kwa kuona haya. Huenda ni mtu wa kuzungumza naye, peke yake, siku nyingine. Huenda pia ni yeye aliyesema Kiingereza cha somo hakitoshi. Mimi sijui, na nadhani wewe pia hujui.

Hicho Kiingereza, je? Wewe ni mwalimu wa lugha hiyo, kwa hiyo una jicho ambalo wengi hawana. Jiulize kwa haki kabisa: supavaiza anayestaafu, ripoti yake ina nini? Nadhani ni idadi ya mikokoteni, joto la maji, nani hakuja, mashine ipi imekwama. Hayo ni maneno mangapi? Kama somo yako hawezi kuyaandika, basi upungufu ni wa kweli na unatibika kwa darasa la miezi michache, na miaka 12 ni mingi sana kwa mwajiri kutompa darasa mtu anayemtumia kila Jumatatu. Kama anaweza, ile sababu ilikuwa pazia. Tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira, ile EEOC, inasema wazi kuwa lafudhi ya mtu isitumike kumnyima kazi ila pale inapozuia kweli kazi kufanyika. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya 1964, inayokataza kubagua kwa rangi na kwa asili ya taifa, kwa waajiri wenye watu 15 na kuendelea. Aliyepiga 911 akaeleweka, akaokoa mkono wa mtoto wa watu, ana ushahidi wa kuanzia.

Sasa fimbo. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi kwa ajili yako, na naona wewe umepapita mbio. Kiingereza tu, muda wote, hata chumba cha kulia. Mwongozo wa EEOC unaichukulia amri ya namna hiyo, ya muda wote, kuwa ni ubaguzi mpaka mwajiri athibitishe vingine; mwajiri anaweza kudai Kiingereza kwa nyakati maalumu tu, penye sababu ya kweli ya kazi, na watu waelezwe mapema. Nisikufiche, mahakama hazikukubaliana na tume siku zote. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa inayosimamia Texas ilimkatalia muuzaji wa duka la mbao huko Brownsville aliyefukuzwa kwa kusema Kihispania akiwa kazini. Lakini hata katazo la duka lile halikugusa muda wa mapumziko. Amri yako wewe inataka kuingia mpaka kwenye sahani za watu. Na atakayeitekeleza, ambaye jina lake litakuwa kwenye karatasi za onyo, ni wewe. Siku mambo yakiharibika, meneja atasema supavaiza ndiye aliyewakataza.

Na mwanangu, pale kiwandani hakuna Mkongo hata mmoja? Hakuna Mtanzania mwenzako? Mkikutana chumba cha kulia mnaongea lugha gani? Amri hiyo imekuja na jina la Kihispania, lakini Kiswahili chako kimo ndani. Na kule Jumatatu, kijana asiyejua Kiingereza ataelezwaje jinsi ya kufunga umeme wa mashine?

Basi tuzitazame njia, pamoja na miiba yake.

Unaweza kuchukua cheo ukanyamaza. Watu wengi wazuri wamefanya hivyo na watoto wao wamesoma. Mwiba wake unaujua tayari, umeupitia pale kwenye picha ukutani. Tena ukinyamaza leo kwa sababu wewe ni mpya, kesho utanyamaza kwa sababu una mkopo wa gari.

Unaweza kuchukua, ukisema utamtetea ukiwa ndani. Hili ni zuri masikioni, lakini lina jambo ambalo watu wetu wengi hawaambiwi. Sheria ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wa kawaida wa kampuni binafsi wanapozungumza wao kwa wao kuhusu mshahara na hali ya kazi, au wanapomwendea mwajiri kwa pamoja, hata kama hakuna chama. Masupavaiza walitolewa kwenye ulinzi huo mwaka 1947. Leo, ukiwa bado unalisha mashuka, wewe na somo mkiingia ofisini pamoja kuuliza vigezo vya kupandishwa, mna kivuli juu yenu. Ukishapewa mamlaka ya kweli juu ya watu, kivuli hicho kwako kinaondoka. Kinabaki kingine: kupinga ubaguzi kwa nia njema bado kunalindwa na sheria ya 1964, kwa supavaiza na kwa mfagiaji, na kumlipizia mtu kwa hilo ni kosa. Lakini Texas ni jimbo ambalo mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu, na kazi ya kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa mbaya inakuwa yako. Kwa hiyo zile siku ulizobakiwa nazo kabla ya kusaini zina thamani kuliko unavyodhani.

Unaweza kuzitumia kuuliza. Kuuliza tu, kwa ile adabu waliyokusifia. Kwamba umefurahi, unashukuru, na kabla hujajibu ungependa kupata maelezo ya kazi kwa maandishi, pamoja na hiyo amri ya lugha kwa maandishi. Maneno mengi yanayosemwa kwa tabasamu hayapendi kuandikwa. Ikiwezekana hiyo amri ikafa palepale mezani, utakuwa umeiua bila kumtukana mtu. Unaweza kuuliza vilevile anayetafsiri vikao vya usalama analipwaje, kwa kuwa ukiwa supavaiza utamhitaji, na ungependa awe na posho yake na jina la kazi yake. Unaweza kuuliza shifti ya usiku nani anaiongoza na nafasi hiyo inafunguka lini. Mwiba: meneja anaweza kuona uliyeitwa mpole una maswali, akaiondoa nafasi. Hilo linawezekana kabisa, na mume wako ana haki ya kulijua kabla hujaingia ofisini. Usimfiche. Hofu yake ya dawa za mama si ubahili, ni mapenzi. Na swali la mama na dawa mkalikalie nyinyi wawili na kalamu: dola 17 zinatufikisha wapi kama hizi 23 zisipokuja?

Kushtaki nimekuacha mwisho, kwa sababu kesi ya kunyimwa cheo si yako. Ni yake. Yeye ndiye aliyekataliwa, na yeye ndiye mwenye siku zinazohesabika: kwa Texas ni siku 180 kupeleka kwenye ofisi ya jimbo, 300 kwenye EEOC, tangu siku aliyonyimwa. EEOC wana ofisi hapo Houston na wanahudumia watu kwa Kihispania. Anapaswa kujua hivyo, na wewe unaweza kumwambia. Lakini usimtangulie. Hujui nyumbani kwake nani ana makaratasi na nani hana, nani anaogopa kila mlango unaogongwa. Huenda ukimya unaouona kwake ni hesabu aliyoipiga kwa miaka 12, na wewe huijui hata nusu yake. Wewe chako ni ulichokisikia kwa masikio yako ofisini. Kiandike leo, tarehe, saa, waliokuwepo, maneno kama yalivyosemwa, na kiweke nyumbani, si kwenye kabati la kazini. Akikuomba siku moja useme ulichosikia, hapo ndipo utaulizwa wewe ni nani.

Sasa nirudi kwenye kuhesabu.

Zamani, nikiwa kijana, nilirukwa kwenye cheo. Aliyepewa alikuwa shoga yangu, tulikuwa tunakula sahani moja mchana. Sikuumia alipokipata. Niliumia kwa sababu tangu siku hiyo alibeba chakula chake akaenda kula dirishani, akiniogopa. Alidhani ananihurumia. Mimi niliona amenifuta. Labda ndiyo sababu barua yako imenikalia rohoni hivi, na labda napima mambo yako kwa kibaba changu, kwa hiyo nisahihishe ukiona sivyo. Ila somo yako alikuja mwenyewe mashineni, akakushika bega, akakupa hongera kabla hujamwambia. Aliyevunja Jumapili ni wewe.

Unaamini anakitaka cheo. Alikitaka mara mbili, je, bado? Unaamini amekasirika. Na wewe, au nao? Unaamini hakuhesabu kwa sababu ya kinyongo. Mimi nawaza pengine alikuwa anasubiri wewe useme kwanza. Haya yote yana mtu mmoja tu wa kuyajibu, na mimi siye.

Ukienda kwake, nenda na nazi. Kuleni kwanza, mambo mazito yasubiri sahani zioshwe. Mweleze ulichoambiwa ofisini, chote, hata ile sehemu ya Waafrika na adabu, ijapokuwa itakuuma kuitamka mbele yake. Mwambie kuhusu amri ya lugha, maana yeye na wenzake ndio itakaowafunga midomo na wana haki ya kuijua kabla haijabandikwa. Usimuulize kama anakuruhusu kuchukua. Ukimuuliza hivyo unamtwika uamuzi wako. Muulize yeye anataka nini, mwaka huu, si mwaka ule. Kisha nyamaza umsikilize, hata akichanganya lugha tatu.

Niandikie baada ya hapo, utakavyokuwa umeamua. Nitapenda kujua na hali ya mama Tanga.